Kwa nini tunakupiga eksirei kabla hujaenda MRI

Mwezi uliopita mama mmoja wa Nanyamba alitoka hapa mlangoni akisema kwa sauti kwamba tunakula hela za wagonjwa. Daktari kaandika MRI, kile kipimo cha picha kinachotumia sumaku kubwa, ya kiuno cha mumewe, sisi wa chumba cha eksirei tukadai kwanza eksirei mbili. Lawama hii haiishi, hasa korosho zikishalipwa na watu wakaanza safari za Dar es Salaam kupima. Mama na mumewe wameniruhusu niwasimulie kisa chao.

Mume ana kovu mgongoni. Zamani alipigwa gobole kwenye msako wa nguruwe, akashonwa, akapona, akasahau. Sumaku haisahau. Ile ya MRI ya Tesla 1.5 (Tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku) ina nguvu kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia, tena haizimwi. Hata umeme ukikatika, inavuta. Chuma kilicholala jirani na uti wa mgongo kikigeuka kidogo tu, miguu inaweza kupooza. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani waliripoti fundi wa mabati aliyepofuka jicho moja baada ya kipimo hiki, kisa chembe ya chuma iliyokuwa jichoni.

Kinachoponza watu ni jina. Risasi ya bunduki si lazima iwe ya madini ya risasi. Risasi yenyewe, ile laini ya kwenye nyavu za wavuvi, haivutwi na sumaku. Gobole hushindiliwa chochote: gololi za baiskeli, vipande vya nondo. Mzee mmoja wa Mikindani alikuja na sumaku ya spika, kajibandika mgongoni, haikunasa, akaniambia, "Mwanangu, niandikie salama." Shikamoo mzee, lakini sikuandika: sumaku ya spika si ya MRI.

Picha ya mbele inaonyesha kipande kiko kulia au kushoto. Ya ubavuni ndiyo inayosema kama kiko chini ya ngozi au kimeingia kwenye mfereji wa uti. Ndiyo maana ni mbili, na bei ni ya mbili. Eksirei haitaji ni madini gani, ila umbo lina habari: risasi laini hupondeka na kuacha vumbi, gololi ya chuma hubaki mviringo. Tunaandika idadi, umbo na umbali kutoka kwenye pingili. Uamuzi ni wa daktari wa mionzi kule kwenye mashine.

Sasa kuna wanaojibu "hapana" kwenye fomu inayouliza kama una chuma mwilini, ili wasipoteze muda. Kijana mmoja wa Tandahimba alifanya hivyo, akafika Dar, akavua shati, mtaalamu akaona kovu. Akarudishwa. Nauli, gesti ya siku tatu, kisha akaja kupiga eksirei zilezile mbili. Na picha ya simu ya filamu ya kifua ya miaka kumi iliyopita usituletee, haisomeki.

Mume wa yule mama tulimkuta na vipande vitatu, kimoja mviringo kabisa, ubavuni mwa pingili ya nne ya kiuno. Daktari wake akabadilisha kipimo kuwa CT, ambacho hutumia eksirei, si sumaku. Mama alikuja juzi kuchukua nakala ya ripoti. Bado anasema sisi ni ghali.