Waraka hauzuii kivinjari

Mhariri,

Kampuni nyingi zina waraka unaowakataza wafanyakazi kuhifadhi nywila kwenye kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) au kupakia ovyo viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari. Waraka unasomwa, unatiwa saini, kisha kila mtu anarudi kwenye kompyuta yake na kubofya anachotaka. Nawasihi wakuu wa ofisi waache kutegemea karatasi. Kazi hii ya kuzuia ifanywe kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi, mara moja, kwa kompyuta zote.

Chrome, Edge na Firefox zote zina violezo vya sera, yaani mafaili ya mipangilio ambayo msimamizi huilazimisha kwenye kompyuta, vinavyopakuliwa bure. Kwenye mtandao wa Windows wenye kikoa (kompyuta zote zikisimamiwa kutoka seva moja kuu), mafaili ya ADMX, yanayoorodhesha sera, huwekwa kwenye folda ya PolicyDefinitions ndani ya SYSVOL, folda ya seva inayoshirikiwa na kompyuta zote, na ya ADML, yenye maelezo ya sera hizo kwa lugha, kwenye folda ndogo ya lugha, kwa mfano en-US. Wengi hukwama hapa: wanaleta ADMX mpya na kuacha ADML ya zamani, kisha wanashangaa kihariri cha sera kikitoa makosa. Firefox, tangu toleo la 60 la mwaka 2018, inaweza pia kusoma faili moja tu, policies.json, lililo katika folda iitwayo distribution ndani ya folda ya programu. Koma moja ikikosewa humo, hakuna sera hata moja itakayofanya kazi.

Pa kuanzia ni viendelezi. Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma kurasa zote kinaona barua pepe na fomu za mishahara, na hujisasisha kimyakimya. Kikiuzwa kwa mmiliki mwingine, toleo lake jipya linaingia bila mtumiaji kuulizwa. Dawa, kwa Chrome na Edge, ni kuweka nyota (*) kwenye sera iitwayo ExtensionInstallBlocklist ili kuzuia vyote, na kuruhusu vichache kwa vitambulisho vyao vya herufi 32. Lakini orodha ya vinavyoruhusiwa itangulie! Nyota ile huzima hata viendelezi vilivyokwisha kupakiwa, na mhasibu anayetegemea kimojawapo atakwama kazi ikiwa katikati. Jaribuni kwanza kwenye kompyuta chache za idara tofauti, kwa wiki nzima.

Msiamini seva peke yake. Nendeni kwenye kompyuta ya mtumiaji, endesheni amri ya gpupdate /force inayoleta sera mpya papo hapo (la sivyo Windows huchukua dakika 90, na hadi 30 zaidi), kisha fungueni chrome://policy, edge://policy au about:policies. Firefox lazima ifungwe na kufunguliwa upya. Sera ikionekana kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) lakini Chrome ikaipuuza, angalieni kama kompyuta imeunganishwa na kikoa: sera nyeti, kama ile ya ukurasa wa mwanzo, hukataliwa kwa makusudi kwenye mashine isiyosimamiwa, kwa sababu programu hasidi zilikuwa zikipitia mlango huohuo.

Kuhusu nywila, sera ya PasswordManagerEnabled ikizimwa, Chrome huacha kuhifadhi nywila mpya tu. Zile za zamani zinabaki na zinaendelea kujazwa kama kawaida, kwa hiyo panga pia siku ya kuzifuta kwenye kila wasifu wa mtumiaji ndani ya kivinjari na kuzibadilisha kwenye mifumo yenyewe.

Fundi wa mitandao