Barua kwa Manka: Visigino vya Baba

Kibosho, Moshi
18 Januari

Mpendwa Manka,

Salamu kutoka huku mlimani. Sisi hatujambo. Ng'ombe amezaa ndama jike, na mama anauliza kama ile mikungu ya mshare ilikufikia kabla haijaiva. Mengine tutasimuliana tukionana. Leo nimekaa kukuandikia jambo moja tu, na nimechagua barua kwa sababu kwenye simu utanikatiza kabla sijafika ninapotaka kufika. Nataka usome polepole, na ukimaliza usome tena.

Siku ya tatu ya matanga ya kaka yako, tulipokuwa tunamenya ndizi nyuma ya nyumba, nilikwambia twende tukapime mafuta kwenye damu. Ukajishika kiuno ukasema, "Ndeshi, kolesto ni ya wanene. Mimi na kilo zangu 55 niwe nayo wapi?" Mashangazi wote wakakuunga mkono. Nilinyamaza kwa kuwa tulikuwa msibani. Sasa nasema.

Nianze na yangu, maana ndiyo yaliyonifumbua macho. Mwezi wa kumi na moja nilipima. Unanijua: nina miaka 53, nalima mwenyewe, sigara sijawahi kushika, na magauni ya miaka kumi iliyopita bado yananienea. Karatasi ikaandika LDL, yaani ile kolesteroli inayoziba mishipa, 4.4. Nilifurahi kabisa, kwa sababu kwenye sukari 4.4 ni namba nzuri, tumeizoea tangu mama aanze kisukari. Nikaikunja, nikaitia mkobani, nikaanza kuondoka. Daktari akaniita nirudi nikae. Kumbe kwa LDL watu wengi wanatakiwa wawe chini ya 2.6. Kuanzia 4.1 tayari iko juu, na ikifika 4.9 iko juu sana. Maabara nyingine wanaandika kwa miligramu, hapo ni 100, 160 na 190. Zishike namba hizi, nitazirudia.

Nilimuuliza daktari, mimi nimekosa nini? Akanieleza kwa mfano wa soko la Mbuyuni, na tangu siku hiyo siwezi kupita pale bila kuukumbuka. Kolesteroli yenyewe si sumu. Mwili unaihitaji, na sehemu kubwa ini linaitengeneza lenyewe. Ila kwa kuwa ni mafuta haiwezi kusafiri peke yake ndani ya damu, lazima ibebwe, na LDL ndiyo mkokoteni wake. Mkokoteni ukishapeleka mzigo unatakiwa uondolewe barabarani, na kazi hiyo hasa ni ya ini, ambalo lina milango ya kuupokea. Milango ikiwa mingi na mizima, njia inakuwa nyeupe. Milango ikipungua, mikokoteni inazagaa, na mmoja baada ya mwingine inapenya kwenye ukuta wa mshipa na kukwama humo. Inachukua miaka. Ukuta unavimba kwa ndani kidogo kidogo, nawe huumwi kichwa, huumwi kifua, unalima, unacheza harusini. Siku uvimbe ule ukipasuka, damu inaganda juu yake na kuziba njia. Ikiwa ni kwenye moyo, ndiyo yaliyompata kaka. Ikiwa ni kwenye ubongo, ndicho kiharusi.

Habari ya milango hiyo iligunduliwa na Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Waliifikia kwa kuchunguza familia ambazo watoto wadogo walikuwa wanapata ugonjwa wa moyo. Watoto, Manka. Mtoto wa miaka sita amekula chipsi ngapi, amekunywa bia gani? Walikuwa wamezaliwa na milango mibovu.

Ukishalielewa hili, utaona kwa nini sisi wanawake wa umri huu tunashtukizwa. Ile homoni ya kike tuliyokuwa nayo ilikuwa inasaidia ini kuweka milango mingi. Hedhi ikikoma, homoni inashuka, na LDL inapanda hata kama hujabadilisha hata kijiko kimoja cha chakula chako. Mimi ilikoma miaka miwili iliyopita, wewe ilikoma kabla yangu. Tezi ya shingoni nayo ikilegea, milango inapungua. Ndiyo sababu daktari hakunipa dawa siku ile, kwanza alitaka tezi ipimwe. Nilipotoka nikawakumbuka bibi zetu wa huku juu na rovu zao, kabla chumvi ya madini joto haijaenea. Si kila mwenye rovu tezi yake imelegea, lakini huku kwetu jambo hilo linastahili kuulizwa. Yangu ilikutwa nzima. Kisukari na ugonjwa wa figo navyo vinavuruga mafuta ya damu, na zipo dawa zinazoyapandisha, kama prednisolone ikitumika kwa muda mrefu. Mama mkwe wako anaitumia kwa ajili ya mapafu. Asiiache kwa sababu ya barua yangu, ila daktari wake aulizwe.

Chakula sasa. Najua shemeji ni mtu wa Tanga na nyumbani kwako nazi haikosi siku. Mimi nimejifunza kuyatazama mafuta wakati wa baridi ya Julai. Yale yanayoganda ndani ya chupa huku Kibosho, ndiyo hayohayo yanayolifanya ini lipunguze milango. Mafuta ya ng'ombe yanaganda, siagi inaganda, mawese yanaganda, na ya nazi ndiyo zaidi ya yote, maana zaidi ya asilimia 80 yake ni mafuta ya namna hiyo. Alizeti ya Singida inabaki maji, kwa kuwa yenyewe ina kama asilimia 10 tu. Sisemi nazi ifukuzwe jikoni kwako, nisije nikagombana na shemeji. Wali wa nazi uwe wa Jumapili, mchuzi wa kila siku upikwe kwa alizeti kidogo. Yale mafuta magumu ya kopo yanayogandishwa kiwandani ni mabaya kuliko yote, usiyalete ndani kabisa.

Kuna jambo moja lilinishangaza hata nikauliza mara mbili: kahawa. Kahawa ya kuchemsha kwenye sufuria, jinsi mama anavyoipika tangu tuko wadogo, ina mafuta yake yanayobaki ndani ya kikombe na kupandisha LDL, hasa kwa mtu wa vikombe vitano sita kwa siku. Ikipita kwenye kichujio cha karatasi, mafuta hayo yanabaki kwenye karatasi. Nilihuzunika, kwa sababu mibuni hii baba yangu aliipanda kwa mikono yake na tumesomeshwa nayo. Siiachi. Nimenunua vichujio mjini, nachuja, na ladha nimeshaizoea.

Na vya kwetu vingine ni vizuri mno, tumevidharau tu. Kiburu cha ndizi na maharage, mnafu, parachichi zinazooza chini ya miti shambani. Maharage yana nyuzinyuzi zinazosaidia kuishusha LDL, na mafuta ya parachichi si ya kuganda. Mtori nakula bado, ila nautengeneza kwa nyama isiyo na mafuta, na ule utando wa juu nauengua kabla sijapakua.

Shemeji ataleta hoja ya Wamasai, najua, aliileta palepale msibani: "Mbona wao wanakunywa maziwa na kula nyama siku zote na moyo hauwasumbui?" Ameuliza vizuri, na wenzetu wa Marekani waliuliza hivyohivyo zamani. Daktari George Mann alikuja kuwapima Wamasai wa Tanganyika, akachapisha matokeo mwaka 1964: kolesteroli yao ilikuwa chini kweli na ugonjwa wa moyo hakuuona. Lakini mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha habari za mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokuwa wamefariki. Ndani ya mishipa mafuta yalikuwepo, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ilikuwa inapata njia. Waliona huenda ni kwa sababu ya kutembea kwao. Mwambie shemeji siku akianza kuchunga ng'ombe kwa miguu kutoka Monduli hadi Longido, hoja hiyo nitaipokea. Kwa sasa anatoka Njiro mpaka mjini kwa gari, anakaa kitini mpaka jioni, na anarudi kwa gari kupitia kwenye nyama choma.

Manka, yote hayo ni njia tu ya kufika hapa ninapokuja, na hapa nakuomba usiruke mstari.

Kaka yako alikuwa mnene? Suruali zake zilishikwa na mkanda. Alifariki na miaka 46. Baba yenu alianguka shambani, akiwa na kahawa mkononi, na miaka 51, na watu wakasema karogwa. Daktari aliniambia kwamba mwanamume akipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mwanamke kabla ya 65, ndugu zake wa damu wote wanatakiwa wapimwe, wanene kwa wembamba. Kuna LDL ya kurithi. Inapatikana kwa mtu mmoja kati ya kila watu 250 hivi, kwa hiyo si jambo la nadra, ni kama mtu mmoja au wawili katika ibada moja ya Jumapili hapa kwetu. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuipata. Huwezi kuiona kwenye mizani wala kwenye kioo.

Lakini wakati mwingine inaonekana kwenye kisigino. Daktari alipofika hapo mwili ulinisisimka. Alisema baadhi ya watu wa namna hii wanaota vinundu vigumu kwenye ile kano nene ya nyuma ya kisigino, na wengine kwenye vifundo vya vidole vya mikono, kwa sababu mafuta yamejikusanya pale. Na mimi nikamwona baba yako. Nikamwona amekaa kibarazani jioni na kandambili zake, tumekaa chini tunachambua mchicha, na visigino vyake viko mbele ya macho yetu na vile vinundu kama kunde zimepangwa chini ya ngozi. Tulisema ni viatu vya mvua. Yeye mwenyewe alisema ni viatu vya mvua. Sisemi nimemtambua ugonjwa baada ya miaka 30, mimi ni mkulima. Nasema nilichokiona, na wewe ulikiona pamoja nami.

Kingine. Nilipomsaidia wifi yako kupanga karatasi, tulikuta kipimo cha kaka cha miaka miwili nyuma. LDL 6.8. Rudi juu ukaangalie zile namba. Wifi ameniruhusu nikwambie. Alipewa dawa za kushusha, akanywa pakiti ya mwezi mmoja, ikaisha, akasema dozi imekwisha kama dawa ya malaria. Hakuna aliyemweleza kwamba ile ni ya kunywa kila siku, miaka na miaka, na kwamba kujisikia mzima hakumaanishi chochote. Baada ya hapo akahamia kwenye kitunguu saumu na limao. Nimelia sana juu ya ile pakiti tupu, Manka. Ilikuwa bado imebanwa kwenye karatasi yake kwa pini.

Kwa hiyo sikuombi upunguze nyama, wala sikuombi ukimbie asubuhi, tayari unakimbia. Kukimbia ni kuzuri na uendelee, ila milango ikiwa mibovu tangu kuzaliwa mbio peke yake haziitengenezi. Nakuomba upime. Kaka yenu wa Dar naye apime, na watoto watatu wa marehemu. Namba yako ikitoka juu, ndipo tutamzungumzia Anande na mdogo wake, kwa sababu hili kwa watoto linapimwa mapema na likijulikana mapema linatibika. Ikitoka nzuri, nitashukuru Mungu na sitakusumbua tena juu ya jambo hili.

Jumamosi ya tarehe 31 nakuja Arusha. Nitapanda gari la saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili na nusu nitakuwa hapo kwako. Kipimo cha LDL mara nyingi hakihitaji kufunga, lakini kwingine wanataka mafuta yote yapimwe mtu akiwa na njaa, basi tusile tangu saa mbili usiku wa kuamkia siku hiyo ili wasije wakaturudisha. Mimi pia narudia changu, miezi mitatu itakuwa inakaribia. Nitakuja na karatasi ya kaka ndani ya bahasha, daktari ataitaka. Wewe tafuta ile picha ya baba kibarazani, ya Krismasi, aliyokaa pembeni miguu imeonekana.

Na chai usiitenge mpaka tumerudi.

Wako,
Ndeshi