Tusiandike theluji ya Rwenzori tu, maziwa yake nayo yana habari

Mhariri, salaam na poleni na kazi. Kila mara nasoma humu kwamba theluji ya milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, inaisha, na kweli inaisha, mwaka 1906 alipopanda Luigi Amedeo wa Italia barafu ilikuwa kwenye milima sita, leo iliyobaki karibu yote iko mlima Stanley. Ila watu wakisoma hivyo wanadhani theluji ikiisha ndo mto Mubuku unaoshuka kutoka huko umekauka. Sio hivyo jamani. Waliopima maji ya huo mto wamekuta yanayotoka kwenye barafu hayafiki hata asilimia 2, mengine ni mvua, inanyesha kule juu inashikwa na vinamasi na maziwa afu inashuka polepole. Ziwa Bujuku liko karibu mita 3,900, ziwa jeusi katikati ya milima ya Stanley, Speke na Baker, kulizunguka ni tope tupu, bila buti za mpira huendi kokote.

Sasa nachoogopa mimi ni moto. Mwaka 2012 uliwaka kule juu mpaka kupita mita 4,000, mahali ambapo mtu angekuapia hapawezi kuungua kwa jinsi palivyolowa. Wanasayansi wakachota tope la chini ya ziwa Kopello, huko huko juu, maana tope la ziwa linajipanga tabaka kwa tabaka na moto ukipita chembe za mkaa zinabaki humo, wakarudi nyuma miaka 12,000 na hawakuona moto kama ule. Miaka 12,000! Na ile miti ya senesio haiangushi majani makavu, yananing'inia kwenye shina kuanzia juu mpaka chini, ndo yanaikinga na baridi ya usiku, lakini kiangazi kikikaza cheche moja tu inatosha.

Kwa hiyo naomba gazeti liwaulize wanaosimamia hifadhi na makampuni ya utalii, pande zote mbili, Uganda na Kongo, wapagazi wanapika na nini na usiku wanaota moto wa nini. Mtu kabeba mzigo kutwa kwenye tope, analala baridi ya kugandisha, hana jiko la gesi wala koti la maana, huyo utamwambiaje asiwashe moto? Mpeni jiko kwanza, mpeni na koti, halafu ndo sheria ya kukataza moto iandikwe.

Msomaji wenu, mpenda milima