Ofa ya kampuni ni sehemu ya bei

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na kampuni zinazotuuzia vifaa vya trekta vya kujiundia wenyewe. Mimi ni mweka hazina wa chama cha watu tisa hapa Mikindani. Tunaishi Mombasa lakini mashamba yetu yako Kinango na Shimba Hills, na miaka minne iliyopita tulichanga tukanunua trekta kuukuu. Tunalima kwetu kwanza, kisha tunawalimia majirani kwa malipo.

Anayelima kwa plau ya sahani anaijua shida iliyotufikisha hapa. Ukilima kina kilekile mwaka baada ya mwaka, chini ya udongo uliolainika hujengeka tabaka gumu kama sakafu. Mvua ikinyesha maji hayashuki, hutiririka juu na kuondoka na rutuba, na mizizi ya mahindi ikifika pale hupinda ikaenda kando. Dawa yake ni ripa, jembe la trekta lenye mguu wa chuma unaopasua tabaka hilo bila kuupindua udongo. Kazi hiyo hufanywa ardhi ikiwa kavu, kabla ya masika. Udongo ukishalowa, mguu hupita kama kisu kwenye ugali na nyuma yake hapapasuki kitu.

Januari tukapata kikaratasi cha tangazo cha kampuni inayouza ripa kwa seti: mabamba ya chuma yaliyokwisha kukatwa na kutobolewa, bolti, pini na mchoro. Wewe unatafuta fundi wa kuchomelea, mnaunganisha. Sina ugomvi na biashara ya namna hiyo. Vipande vilivyolazwa hula nafasi ndogo ndani ya kontena kuliko jembe lililokwisha kuundwa, basi usafiri huwa nafuu, na fundi wa Likoni au Changamwe anapata kazi ambayo ingebaki ng'ambo. Tena aliyeunda chombo kwa mkono wake anajua pa kushika kikimvunjikia katikati ya shamba.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Seti ni Sh95,000, na fundi wa kuchomelea alitaka Sh12,000, jumla Sh107,000. Fundi mwingine wa jua kali alikuwa tayari kututengenezea ripa nzima kwa Sh98,000. Lakini kikaratasi kilisema kwamba atakayemaliza kuunda na kutuma picha ndani ya siku 45 atarudishiwa Sh15,000 na kupewa ncha mbili za akiba. Hapo seti ikashuka hadi Sh92,000. Nilisimama mbele ya wanachama Jumapili nikaiandika hesabu hiyo kwenye daftari wakiona, nikawashawishi tuchukue seti. Yule fundi wa jua kali alikosa kazi yetu kwa sababu ya mstari mmoja wa wino.

Ndiyo maana nasema ofa haikuwa zawadi wala bahati nasibu. Ilikuwa sehemu ya bei, na ndiyo iliyotuvuta. Na zile ncha si pambo. Ncha ndiyo inayouma ardhi, nayo ardhi huila kila siku ya kazi, kwa hiyo mwenye ripa asiye na ncha ya akiba ana chuma cha kuegesha uani.

Sanduku lilipofika tulilipeleka kwa fundi Likoni. Alitandaza mchoro juu ya meza yake, akauwekea nyundo pembeni usipeperushwe, akaanza kuhesabu kipande kimoja kimoja kwa kidole. Alipofika chini akanyamaza, akarudia. "Mama, bushi mbili zimeandikwa hapa, lakini hazimo." Bushi ni kipande kidogo cha bomba la chuma kinachovikwa pini ili ijaze tundu. Tukapima. Pini za seti zilikuwa za milimita 22, na matundu ya mikono ya nyuma ya trekta letu, ile inayoshika jembe, ni ya pini za milimita 28. Pini iliingia ikacheza kama kidole ndani ya pete ya mtu mwingine. Kikaratasi kilikuwa kimeandika kwa herufi kubwa kwamba ripa hiyo inaingia kwenye trekta lolote.

Vipimo hivi si siri. Mikono mitatu ya kushikia majembe nyuma ya trekta iliingia duniani kwa kazi ya mvumbuzi Harry Ferguson, karne moja iliyopita, na leo kuna kanuni ya kimataifa, ISO 730, inayotaja pini za kila daraja la trekta. Kwa mikono miwili ya chini, daraja la kwanza ni milimita 22, la pili ni 28. Bushi zile mbili tulichongewa kwa Sh1,800. Sikuzikasirikia sana fedha hizo. Kilichoniuma ni siku nne zilizopita tukimngoja fundi wa mashine ya kuchonga, nasi tunahesabu siku za ofa huku mawingu yakianza kujikusanya.

Hata hivyo tulimaliza siku ya 31. Tukapiga picha sita: mbele, nyuma, ubavuni, na moja ripa ikiwa imeshikwa na trekta. Tukazituma, tukajibiwa kwa shukrani na pongezi. Baada ya hapo kimya. Wiki ya tatu nilipiga simu nikaambiwa faili iko kwa mkubwa. Wiki ya sita nikaambiwa ofa ilikuwa ya wateja 50 wa mwanzo. Kikaratasi ninacho mpaka leo, nimekisoma mbele na nyuma, na hakuna 50 mahali popote.

Aliyenunua kitu kilicho kamili akadanganywa, anaweza kukirudisha dukani na kudai fedha zake. Sisi tungerudisha nini? Bamba likishachomelewa halirudi kuwa bamba. Mnunuzi wa seti hulipa mara mbili, kwa fedha na kwa jasho, na akishawasha mashine ya kuchomelea amejifungia mlango wa kurudi. Kinachobaki mkononi mwake ni neno la kampuni. Basi kampuni inayouza vitu vya kujiundia inapaswa kulichunga neno lake kuliko muuzaji mwingine yeyote, kwa sababu inamwachia mteja kazi ambayo ingekuwa yake.

Sheria tunayo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari anazozihitaji ili azifaidi. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha. Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamiko, na Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni bila kukulazimu kuweka wakili. Chama chetu kimekubaliana kwenda huko. Lakini mkulima anayedai Sh15,000 hupoteza siku, nauli na msimu kabla hajasikizwa, na nadhani wako wafanyabiashara wanaolitegemea hilo.

Ombi langu kwa kampuni ni hili: ofa iandikwe kwenye risiti yenyewe, pamoja na tarehe ya mwisho na idadi ya watakaopewa kama idadi ipo, ikagongwe muhuri. Mteja aulizwe kipimo cha pini za trekta lake kabla hajalipa. Na awepo mtu hapa Mombasa mwenye uwezo wa kutoa kilichoahidiwa, asiwe wa kupokea simu tu. Kwako Mhariri, ninaomba matangazo ya ofa yanayolipiwa gazetini yasipite bila masharti yake kuchapishwa pamoja nayo.

Ripa yenyewe inafanya kazi. Tulipasua ekari 11 kabla ya mvua, na maji ya masika yalizama mahali ambapo zamani yalikuwa yakitiririka. Ncha iliyokuja na seti sasa imeliwa karibu nusu, na kabla ya vuli tutahitaji nyingine. Wanachama wameniuliza kama tununue au tuzisubiri zile mbili. Nimewaambia tununue, na stakabadhi niiweke pamoja na kikaratasi na zile picha sita.

Mweka hazina wa chama cha wakulima,
Mikindani, Mombasa