Risala kwa mgeni rasmi, kilele cha Wiki ya Maji: Ruvu inaanzia kwetu, kuilinda tusaidiane

Mheshimiwa mgeni rasmi, mheshimiwa diwani wetu, mwenyekiti wa kijiji na halmashauri yako, wazee wa koo, viongozi wa dini, walimu na wanafunzi, na wageni wetu wote mliotoka Morogoro mjini mkapanda huu mlima na mvua za masika ndo hizi zimeanza, shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Karibuni sana Uluguru.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kukubali kuja mwenyewe mpaka kwenye chemchemi, umeiona kwa macho yako, umeonja na maji yake, kwahiyo kuna mengi hatutakuelezea kwa maneno maana umeshayaona.

Sisi ni kikundi cha wakulima, wanawake na wanaume ila wanawake ndo wengi, na kuna sababu yake. Huku kwetu ardhi ni ya ukoo na ukoo unafuata upande wa mama, halafu maji nayo anayeyachota ni mama na mabinti zake, yaani ukitaka kuongelea shamba na ukitaka kuongelea chanzo cha maji unajikuta unaongea na mtu yuleyule. Tulikusanyika baada ya kuona kijito ambacho bibi zetu walikuwa wanachota kiangazi chote bila wasiwasi sasa kikifika mwezi wa tisa kinakuwa uzi mwembamba, na mvua ikinyesha kinashuka maji mekundu kama chai ya rangi, hayafai kupikia wala kufulia.

Labda niseme kidogo kuhusu huu mlima maana kuna wageni hapa wanatoka mbali. Milima ya Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, kilele cha Kimhandu kinafika mita 2,630 hivi, na upande huu wa mashariki unaotazama baharini ndo unapata mvua nyingi zaidi, maeneo mengine inazidi milimita 2,000 kwa mwaka. Msitu wa juu unaipokea ile mvua na ukungu, maji yanazama taratibu kwenye majani yaliyooza na udongo, halafu yanatoka kidogokidogo huku chini hata mwezi ambao hakuna mvua. Ndo maana wazee wetu walikuwa na misitu ya matambiko ambayo hakuna mtu alikuwa anaingia na panga. Na tangu 2008 msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia, hilo tunalipongeza kwakweli, kuna ndege mle ndani hapatikani sehemu nyingine yoyote duniani zaidi ya hapa Uluguru. Ila mheshimiwa, hifadhi inaishia pale kwenye mpaka na maji hayaishii pale, yanatoka msituni yakiwa masafi yanaingia mashambani kwetu, na shida zote zinaanzia hapo.

Maji haya yanaenda wapi? Yanaingia mto Ruvu, pamoja na mito ya Mgeta upande wa kule na Ngerengere inayopita Morogoro mjini. Ruvu ndo inayonywesha Dar es Salaam, mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi na Ruvu Chini kule Bagamoyo, yote miwili ikifanya kazi vizuri inatoa lita milioni 466 kwa siku. Mwaka 2022 mwezi wa kumi mto ulipungua mpaka uzalishaji ukashuka kufikia kama lita milioni 300 na Dar ikaingia kwenye mgao, redio na mitandao yote ilikuwa inaongelea mgao tu, watoto wetu walioko Mbagala na Kimara wanatupigia simu wanasema mama huku dumu la maji linauzwa bei sijui ngapi. Na huku juu mwaka huohuo sisi tulikuwa tunakesha kwenye foleni ya chemchemi. Ni mto mmoja, mheshimiwa.

Sasa tuseme ukweli nini kinauchafua na nani anauchafua, maana tukikaa kimya kwasababu ni ndugu zetu hatutafika popote.

Kwanza ni udongo. Mashamba yetu yako kwenye mteremko mkali, watu wanalima mahindi na mihogo kuanzia juu kushuka chini bila tuta wala mkingamo, kabla ya kupanda wanachoma moto, mvua ya kwanza ikija udongo wote wa juu unaenda mtoni na rutuba inaenda nao, mwaka wa tatu shamba limechoka mtu anapanda juu zaidi kukaribia msitu. Huo udongo ukifika kule kwenye mitambo inabidi watie dawa nyingi zaidi kuyafanya maji yawe meupe, na gharama hiyo inalipwa na mwananchi kwenye bili yake. Bwawa la Mindu ambalo Morogoro mjini wanalitegemea nalo linajaa tope kwa mtindo huohuo.

La pili ambalo ndo linatuumiza roho zaidi ni dawa za mashambani. Wanaolima kabichi, nyanya na hoho pembeni ya kijito wanapulizia kila wiki, wakati mwingine mara mbili, akimaliza anashuka kijitoni anasuuza bomba la dawa palepale na kopo anatupa palepale, na mita chache chini kuna mama anajaza ndoo. Watu wengi wanadhani wakishachemsha tu maji yako salama kabisa. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara na kipindupindu na tunasisitiza watu waendelee kuchemsha, wote tunakumbuka mlipuko wa 2015, lakini sumu ya dawa ya wadudu haitoki kwa kuchemsha na wala huwezi kuiona kwa macho wala kuisikia kwenye ulimi ikiwa kidogo. Hilo tunaomba maafisa afya na maafisa ugani walioko hapa waliseme kila mkutano, kila mnada, mpaka mtoto wa darasa la pili alijue.

Kuna pia wanaochekecha dhahabu mitoni, wanachimba kingo mpaka mto unabadilisha njia. Kuna pikipiki zinazooshwa mtoni na oili inaelea. Kuna vyoo vilivyochimbwa juu ya chanzo. Haya tunayaweza wenyewe kwa sheria ndogo za kijiji, na tumeshaanza.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa naomba nifike kwenye jambo ambalo wanakikundi wamenituma nilitamke bila kuzunguka. Ni zile mita 60.

Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, na sisi hatuipingi, tunaijua na tunaifundisha. Tatizo ni kwamba huku kwetu kila bonde lina kijito, ukipima mita 60 upande huu na 60 upande ule, kwa familia nyingi shamba lote linaisha. Mama ana heka moja ya ukoo, ana watoto watano, unamwambia toka, anaenda wapi? Anatoka mchana anarudi asubuhi mapema kabla mtendaji hajaamka. Akikamatwa analipa faini, akishalipa anarudi tena kwasababu njaa haijaondoka.

Na hii si mara ya kwanza. Wazee waliopo hapa walisimuliwa na wazazi wao jinsi serikali ya kikoloni ilivyokuja miaka ya 1950 na mpango wa kuokoa udongo wa Uluguru, watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwa amri, asiyechimba anapigwa faini, na mavuno hayakuongezeka kwenye mashamba mengi, mpaka 1955 fujo zikazuka Matombo na mpango mzima ukaachwa. Nia ya kuzuia mmomonyoko ilikuwa na maana lakini mwenye jembe hakuona faida yake, aliona amri tu.

Lakini tuna mfano mwingine wa karibu zaidi, kata ya Kibungo Juu hapahapa Uluguru. Pale mashirika ya CARE na WWF yalisimamia utaratibu ambao wanaotumia maji kule chini, DAWASCO iliyokuwa ikisambaza maji Dar wakati ule na kampuni ya soda ya Coca-Cola Kwanza, walikubali kuchangia hela na mkulima wa huku juu analipwa kwa kazi anayofanya shambani kwake, matuta ya fanya juu, yaani unachimba mtaro na udongo unautupa upande wa juu, miti, kuacha kuchoma moto, analipwa kulingana na eneo alilotunza. Watu walichimba matuta bila mgambo kusimama nyuma yao, matuta kama yale ambayo babu zao waliyakataa. Sisi tunaona hii ndo njia, na tunashangaa mpaka leo haijawa utaratibu wa kudumu wa bonde zima badala ya kuwa mradi wa miaka michache.

Kwa upande wetu hatujakaa kusubiri. Tumezungushia chemchemi uzio wa miti hai, tumepanda mikuyu na migomba kuizunguka na tumeng'oa mikaratusi iliyokuwa imepandwa karibu maana inakunywa maji mno. Tumejenga karo la kufulia na sehemu ya kusuuzia mabomba ya dawa mbali na kijito, na shimo la makopo. Wanachama wameanza kubadilisha mahindi ya mteremkoni kuwa karafuu, iliki na pilipili manga, iliki inapenda kivuli kwahiyo mti unabaki umesimama, na mizizi ya karafuu inashika udongo miaka na miaka. Shida ni kwamba karafuu inachukua miaka mingi kabla hujavuna na tumbo halisubiri.

Kwahiyo tunaomba nini. Tunaomba utusaidie kufikisha kwa wenzetu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu na kwa mamlaka za maji za huko chini kwamba kwenye kila bili ya maji itengwe sehemu ndogo, hata iwe ndogo sana, irudi huku juu kwa mkulima anayeacha mita 60, alipwe kwa kilichopimwa shambani na sio kwa semina. Tukilipata hilo, hata yale mengine tunaweza kuvumilia. Tunaomba pia miche ya karafuu na iliki kabla masika hayajaisha, tunaomba bikoni za mpaka wa chanzo ziwekwe kwa kushirikisha koo zenye ardhi, hasa kina mama, sio kuamka asubuhi unakuta jiwe shambani. Na maji yetu yapimwe, yapimwe dawa za mashambani na sio vijidudu peke yake, na majibu yabandikwe pale ofisi ya kijiji kwa Kiswahili tuyasome.

Bwawa la Kidunda linajengwa kule chini kwenye mto huuhuu wa Ruvu na tunalifurahia kwa ajili ya ndugu zetu wa Dar na Pwani, litahifadhi maji mengi sana. Ila lisipolindwa kuanzia huku juu, tope letu ndo litakalolala kwenye lile bwawa, na sisi hatutaki kuwa sababu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, miche ya mikuyu 60 iko pale chini ya mwembe kwa mwalimu wa mazingira, wanafunzi wameshachimba mashimo ng'ambo ya kijito kwenye shamba ambalo mwenye nalo, mama mmoja wa kikundi chetu, amekubali kuliacha kwa hiari yake na bado hajalipwa chochote. Tunaomba baada ya hotuba yako ushuke nasi ukapande wa kwanza na uongee naye.

Tunaomba kuwasilisha.