Karata za Jumamosi: tuelewane kuhusu dau

Hamjambo wanabaraza. Jumamosi ni kwangu tena, Shela, baada ya isha. Juzi huu mchezo wetu wa karata, poka, ulitaka kutuvunjia udugu, basi tuelewane mapema.

Ukitaka kuongeza dau, tamka kwanza: "Naongeza, nafikisha 300." Kisha sukuma kete (vile vidude vya kuhesabia dau) zote za dau hilo kwa mara moja. Ule mtindo wa kuweka 100, kumchungulia mwenzio usoni, ukiona amekunja uso unaongeza nyingine, basi tena. Hapo utahesabiwa umefuata tu, yaani umelipa dau lililopo bila kuongeza. Vilevile ukitupa kete moja ya 500 kimya kimya mbele ya dau la 100, umefuata. Chenji yako utarudishiwa.

Dau likiwa 100 na mtu akafikisha 300, ameongeza 200. Anayetaka kuongeza tena naye aongeze angalau 200, yaani afikishe 500 au zaidi. (Mabingwa wa hesabu, msinianze.)

Ngoja zamu yako, hata kama unazitupa karata. Kete ziweke mbele yako tuzihesabu, usizimwage katikati kama unalisha kuku. Na kete kubwa zionekane, zisijifiche nyuma ya kikombe cha kahawa. Mwenyewe unajijua.

Mahamri yapo. Mbaazi alete aliyeshinda juzi.