Kwa nini hatuuzi unga wa grainda wa kutengenezea fataki

Kila inapokaribia Krismasi na mwaka mpya, hapa karakana kwetu Nyakato huja watu na makopo. Hawataki geti wala dirisha. Wanataka ule unga unaoanguka chini ya grainda, wakatengeneze nyumbani vijiti vya fataki, vile ambavyo watoto hushika mkononi vikirusha cheche. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja na mwanawe, mkononi kopo la maziwa. "Fundi, nijazie hata nusu tu, huyu ameona kwenye simu namna ya kutengeneza." Nikamjibu, "Mama, huu siuzi, ila kaeni hapo kwenye benchi niwaelezee."

Nilianza na dagaa. Ukiwaanika asubuhi na jua likawa kali, jioni unawakusanya wamekauka. Sangara mzima ukimweka juani siku hiyo hiyo, ataharibika kabla hajakauka. Wote ni samaki, ila dagaa ni mwembamba, jua na upepo vinamfikia kote. Chuma na moto ni hivyo hivyo. Nondo ukiitia kwenye mkaa itakuwa nyekundu, lakini haitawaka. Stilwaya ya kusugulia sufuria ni chuma pia, kimechanwa tu kuwa nyuzi, na hiyo ukiigusisha njiti ya kiberiti inashika moto.

Chukua kipande cha chuma kama dadu, sentimita 1 kila upande. Eneo lake lote la nje ni sentimita za mraba 6. Kikate kuwa vidadu vya milimita 1, utapata 1,000, na eneo lao kwa jumla ni 60. Vikate tena hadi sehemu ya kumi ya milimita, linafika 600. Uzito ni ule ule, lakini mahali pa kukutana na hewa pameongezeka mara 100.

Umbo nalo lina neno lake, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Chembe inayoruka kutoka kwenye grainda mara nyingi huyeyuka hewani na kuganda ikiwa kijipira. Mviringo ndio umbo lenye eneo dogo kuliko yote kwa uzito wake, kwa hiyo kijipira huchelewa kushika. Tena hicho kimeshaungua nje, kimevaa ngozi ya oksidi, yaani chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni ya hewa. Chembe iliyotoka kwenye tupa ina pembe na ncha kali, na ncha hupata moto kwanza kwa sababu ni nyembamba. Halafu kuna chembe bapa kama gamba la sato, hasa za alumini: pana, nyepesi, nyembamba mno. Hizo zinawaka ghafla. Ukizipitisha zote kwenye chekecheo moja utadhani ni unga mmoja, kumbe kila moja ina tabia yake. Laini sana inaungulia pale pale kwenye kijiti, karibu na vidole. Nene inaruka mbali, na isipowaka yote inaanguka bado ya moto, juu ya nguo au nyasi.

Viwandani chembe huchaguliwa kwa ukubwa na umbo, zikawekwa za aina moja. Unga wetu haujachaguliwa na yeyote. Asubuhi tumekata nondo, mchana fremu za alumini, jioni tumesafisha geti lenye kutu, na vyote vimeanguka sakafu moja. Mchanganyiko huo ndio ninaouogopa kuliko kitu kingine hapa kazini. Kutu na alumini vikikutana kwenye joto la kutosha, alumini huinyang'anya kutu oksijeni yake, na joto linalotoka linaweza kuyeyusha chuma, ambacho huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Mafundi wa reli huunganishia reli kwa njia hiyo hiyo.

Tuliwahi kuuona moto wa alumini. Cheche iliangukia mfuko tuliokuwa tumezolea vumbi la fremu, na kijana wetu akakimbilia ndoo ya maji. Alumini inayowaka inapokutana na maji hutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto haraka. Moto uliruka mweupe, hautazamiki, ukamchoma mkono hadi kwenye kiwiko. Tuliuzima kwa mchanga mkavu. Tangu siku hiyo vumbi la alumini lina ndoo yake, mbali na la chuma, na mchanga mkavu uko karibu.

Mtoto wa yule mama alikuwa amenyamaza muda wote. Nikamvalisha miwani, nikamsimamisha pembeni, nikagusisha nondo kwenye jiwe la mashine: cheche ndefu, nyuzi zilizonyooka. Kisha tupa kuukuu: cheche fupi, zikipasuka matawi kama miiba ya mchongoma. Ni kaboni hiyo. Tupa inayo nyingi, na inapoungua ndani ya chembe gesi yake huipasua. Mwisho alumini, mguso mmoja tu, kwa sababu huziba jiwe: hakuna cheche hata moja. "Mbona hii haitoi, na ndiyo uliyosema mbaya?" akauliza. Nikamwambia kipande ni sangara, vumbi lake ni dagaa.

Kwa sherehe, nunueni vijiti vya kiwandani, mviwashe nje kimoja kimoja, na vikizimika vitumbukizeni kwenye ndoo ya maji, kwani waya wake hubaki wa moto. Na ukiwa na springi au shafti kuukuu usiyoijua ni chuma gani, ilete tuitazame cheche zake. Hatutozi.